Bawaba

Tsiala, leo wamekishusha kibanda chako.
Mafundi wamekuja na winchi na kofia za njano,
wakakiteremsha kama mtu aipuaye chungu kilichojaa pomoni.
Nilisimama chini, mikono mfukoni.
Hakuna aliyeniuliza wewe ulikuwa nani wangu.

Namba tisa, bati la buluu lililobabuka,
dirisha moja la duara,
na tundu sakafuni ambamo mto Kvirila ulionekana,
mweusi tititi kwa vumbi la manganizi.
Wageni walifumba macho.
Ukaliziba kwa kopo la kahawa ulilolibonda kwa nyundo, ukasema:
"Sasa waogope kimo tu. Chuma waniachie mimi."

Miaka ishirini na mitatu, na mji mzima ukining'inia mkononi mwako.
Tiketi kushoto, kengele kulia,
mlango ukausukuma kwa goti.
Uliwajua watu kwa mizigo yao:
Bi Nanuli na bata asiyetulia kapuni,
Bwana Otari na mlango wa friji (wa friji gani, hakusema),
sisi wa zamu ya usiku, tuliobakiwa na weupe wa macho tu.
Mara ya kwanza nilipopanda bure ulinicheka mbele ya watu:
"Undugu ni kufaana, kaka. Nifae basi. Toa tetri ishirini."
Nikatoa.

Doa la zambarau lilianza pale gotini.
Tukasema, ni mlango.
Mama akasema, ni mlango.
Nami, fundi wa nyumba,
nikapanda Jumapili na kopo la grisi,
nikaipaka bawaba mpaka ikaacha kulia,
nikashuka nikipiga mluzi.

Nimelisema. Sitalisema tena.

Tbilisi walikupa kitanda cha dirishani
na jina refu la damu ambalo baba hakuwahi kulitamka.
Ulitazama mrija wa dripu, ule uzi,
ukamuuliza nesi unahimili kilo ngapi.
Uliniuliza nani anaendesha. Nikasema Maka.
"Anapiga kengele kabla ya kufunga au baada?"
Baada, nikasema.
Ukageukia ukutani, umeudhika,
na kwa dakika ile nzima ulikuwa mzima kabisa.

Februari. Theluji imeziba barabara ya juu,
na kwetu ni juu.
Basi ulipanda kama ulivyopanda siku zote.
Jeneza lilikuwa refu kuliko kibanda,
miguu yako ikabaki nje, juu ya bonde.
Maka alilia, akapiga kengele kabla.
Mlango haukufungika; niliuzuia kwa goti,
dakika sita,
bati likinikata kila waya ulipopita nguzoni.

Doa langu lilikaa siku kumi na moja.
Lilikuwa zambarau, kisha kijani, kisha manjano kama chai ya hospitali.
Nililitazama kila asubuhi kabla ya kuvaa suruali.
La kumi na mbili sikuliona,
nikakaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mguuni,
zamu ikanipita.

Mama bado hutundika jikoni
shada la jozi zilizochovywa katika maji ya zabibu,
moja la nyumba, moja lako.
Lako hukauka mpaka linakuwa gumu kama ufito.
Baba huidondoshea divai kwenye mkate, matone matatu,
kisha hula mkate ule mwenyewe,
maana, asema, hukupenda kitu kitupwe.

Wanasema watajenga njia mpya, vibanda vya vioo,
milango inayojifunga yenyewe.
Vyema. Magoti ya watu yapumzike.

Kibanda kilipogusa lori kilitikisika,
na mlango ukafunguka wote, taratibu, kwa uzito wake,
kama unapokea abiria.
Nilitega sikio.
Haukulia, Tsiala.
Miaka minne ya mvua, na haukulia.